Barbiana: shule ya padri mlimani, watoto waliofelishwa, na barua waliyomwandikia mwalimu

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani ikitajwa shule ya Kikatoliki, mjadala unajulikana utakapoishia: seminari gani imeongoza kidato cha nne, masista wa wapi wana nidhamu kali, ada imepanda mpaka ngapi. Leo naleta habari ya shule ya Kikatoliki isiyo na sare, isiyo na ada na isiyo na likizo. Wanafunzi wake walikwenda kufanya mitihani ya serikali kama watahiniwa wa kujitegemea, na walianza wakiwa watoto 6.

Inaitwa Barbiana, iko Italia. Ukitoka Firenze kwenda kaskazini-mashariki unaingia bonde la Mugello, na juu ya Vicchio kuna mlima Monte Giovi. Huko mteremkoni kuna kanisa dogo, nyumba ya padri, makaburi, na nyumba za wakulima zilizotawanyika msituni, kila moja kivyake. Miaka ya 1950 hapakuwa na barabara, umeme wala maji ya bomba. Parokia yenyewe ilikuwa ifungwe. Wenye nguvu walishahamia viwandani mjini, wamebaki wachunga kondoo na wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba.

Desemba 1954 jimbo kuu la Firenze likampeleka huko padri wa miaka 31, Lorenzo Milani. Tusidanganyane, ile ilikuwa adhabu. Kijana huyu alizaliwa Firenze mwaka 1923 kwenye familia ya kisomi yenye mali, mama yake ana asili ya Kiyahudi, mwenyewe akasomea uchoraji. Mwaka 1943 akaongoka, akaingia seminari, akapewa upadri 1947. Kituo chake cha kwanza kilikuwa San Donato, Calenzano, karibu na viwanda vya nguo vya Prato. Hapo akafungua shule ya jioni kwa vijana wa viwandani, wakomunisti na watu wa kanisani wakakaa meza moja. Msalaba akautoa ukutani ili asiwepo wa kusema hapa si pangu.

Fikirieni Italia ya wakati ule. Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo na Wakomunisti wanatazamana kama paka na panya, halafu padri anatoa msalaba darasani! Wakubwa wakasubiri paroko wake mzee afariki, wakampandisha mlimani ambako hatamsumbua mtu.

Alipofika tu, akaenda kujinunulia sehemu ya kaburi kwenye makaburi ya Barbiana. Wengine wangeona amekata tamaa. Mimi naona alikuwa anawaambia wale wakulima kwamba yeye hayupo pale kusubiri uhamisho.

Naendelea, msiondoke.

Nyundo ya Pili

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu usije ukatuletea hadithi za watakatifu tu, sema na mabaya yake.

Chaki Nyeupe

Yatakuja, usiwe na haraka.

Sasa shule. Shule ya msingi ya kijijini ilikuwa chumba kimoja, mwalimu mmoja, madarasa yote pamoja. Mtoto akimaliza hapo alikuwa anashuka mjini, anachekwa kwa lafudhi, anafeli, anarudi kwenye ng'ombe. Mwisho wa mwaka 1962 Italia ikapitisha sheria ya shule moja ya kati kwa watoto wote mpaka miaka 14. Kwenye karatasi sawa. Ila watoto wa wakulima waliendelea kufelishwa, wakafikisha miaka 14 wakiwa wamekariri darasa mara mbili tatu, na hapo sheria haiwadai tena. Wanatoka bila cheti.

Don Milani (Waitalia padri wanamwita "don") akawakusanya hao hao. Darasa ni chumba cha nyumba ya padri, na kukiwa na jua wanatoka nje chini ya miti. Hakuna madawati wala ubao wala jukwaa la mwalimu, kuna meza kubwa ambazo watoto walizitengeneza wenyewe, wanasomea hapo na kula hapo. Kila kitabu kina nakala moja. Wanakizunguka kichwa kwa kichwa, mkubwa anasoma kwa sauti, wadogo wanachungulia.

Saa 12 kwa siku, siku 365 kwa mwaka. Jumapili ipo, baada ya misa. Krismasi ipo.

Mnaona ni mateso? Kulikuwa na mtoto ambaye kwao zizini wamo ng'ombe 36. Alipoulizwa kama hachoki, akajibu kwamba shule siku zote itakuwa afadhali kuliko mavi. Jibu hilo wenzake wakaliweka kwenye kitabu kama lilivyotoka mdomoni.

Sheria kubwa ya pale ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu: mwenye kuelewa polepole ndiye aliyekuwa anapangia darasa mwendo. Asipoelewa, wote wanasimama, mpaka aelewe. Aliyekuja bila msingi wowote ndiye alikaribishwa kama vile nyinyi mnavyomkaribisha anayeongoza mkoa. Padri alisema shule inayowapoteza watoto wagumu inakuwa kama hospitali inayotibu wazima na kufukuza wagonjwa.

Shule zetu nyingi zinazosifiwa humu zinafanya kinyume. Zinachuja darasa la kwanza, zinachuja darasa la nne, wa wastani chini ya kiwango anaambiwa mzazi atafute shule nyingine, halafu matokeo yakitoka zinaweka bango barabarani. Sisemi hazifundishi. Nasema ukishachuja hivyo, bango linasifu chujio.

Binti Mwanga

Hapo kwenye kuchuja umenigusa. Mdogo wangu aliondolewa shule moja ya misheni kwa wastani wa 58, na barua ya kumwondoa ilianza na "Tumsifu Yesu Kristo".

Swali langu: unasema watoto, watoto, lakini naona wavulana tu. Wasichana walikuwa wapi?

Chaki Nyeupe

Dada, umeshika penyewe. Wachache mno. Watoto wa Barbiana wenyewe waliliandika hili bila kuficha, kwamba kutoka kijiji cha bondeni hakupanda msichana hata mmoja. Walitaja ugumu wa njia, kisha wakataja sababu nyingine: wazazi waliamini mwanamke anaweza kuishi hata akiwa na akili ya kuku. Wakaongeza kwamba huo nao ni ubaguzi, ila kwa hilo hawakuwa na la kuwalaumu walimu, kwa sababu walimu waliwathamini wasichana kuliko wazazi wao.

mzee_kifimbo

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, daraja la pili A, nimeanza kazi Ruvuma. Huyo padri nilimsikia kwa mapadri wa Kiitaliano tulipokuwa tunafundisha Ukristo na Elimu ya Kujitegemea pamoja. Chaki Nyeupe, umetaja miaka yote hiyo hujataja 1967. Barua ile ilitoka lini?

Chaki Nyeupe

Shikamoo mwalimu. Ilitoka Mei 1967.

mzee_kifimbo

Marahaba. Basi hesabu na hapa kwetu. Februari 1967 Azimio la Arusha. Machi 1967 Mwalimu Nyerere anatoa Elimu ya Kujitegemea, anasema shule zetu zimejengwa kwa ajili ya wale wachache, kama 13 katika kila 100, watakaopata nafasi ya sekondari, na hao wengine tunawarudisha kijijini wakijiona wameshindwa. Mei watoto wa wakulima wa Italia wanasema hayo hayo kwa mwalimu wao. Hawajuani, hawajaandikiana. Nchi moja maskini, nyingine viwanda vinanguruma, ugonjwa mmoja.

Tofauti ni kwamba sisi tulisema kutoka Ikulu, wao walisema kutoka kwenye dawati la nyuma.

Mtoro wa Zamani

Mzee umemaliza 🙌. Mleta uzi tuwekee hiyo barua sasa, watu tuna usingizi.

Chaki Nyeupe

Vijana wawili wa Barbiana walitaka kuwa walimu. Wakashuka Firenze kufanya mtihani wa chuo cha ualimu, wakafelishwa. Kwa kawaida hadithi inaishia hapo, mtoto anarudi nyumbani kimya. Hawa walikaa na wenzao, jumla vijana wanane, wakiongozwa na padri ambaye tayari alikuwa anakufa kwa saratani ya tezi za limfu, wakaandika kitabu kizima kwa sura ya barua kwa mwalimu wa kike aliyewafelisha. Kinaitwa *Lettera a una professoressa*, yaani barua kwa mwalimu. Sentensi za mwanzo zinamwambia kwamba jina la mwandishi hatalikumbuka, kwa sababu amefelisha wengi mno.

Ndani yake kuna watoto wawili. Pierino, mtoto wa daktari, aliyejua kusoma kabla hajaanza shule, kwao vitabu na maneno ya mezani ni yale yale ya darasani. Na Gianni, mtoto wa mkulima, aliyekuwa hawezi kuweka herufi h mahali pake kwenye kitenzi cha "kuwa na". Kwa Kiitaliano h hiyo haitamkwi, inaandikwa tu. Mambo ya dunia ya wakubwa Gianni aliyajua mengi, kazi, mshahara, siasa za kijijini kwao. Kilichomfelisha ni herufi isiyo na sauti.

Hawakuishia kulalamika. Walikusanya takwimu za wanaofeli wakazipanga kwa kazi za wazazi, wakachora majedwali kwa mkono, na zikaonyesha wazi nani anabaki njiani: mtoto wa mkulima, mtoto wa kibarua. Kazi hiyo ya takwimu ikapewa tuzo na Chama cha Fizikia cha Italia. Watoto waliofelishwa, wakuu!

Mapendekezo yao yalikuwa matatu: msifelishe mtoto kwenye shule ya lazima, anayeonekana mjinga mpeni shule ya kutwa nzima, na mvivu mpeni lengo.

Don Milani alifariki Firenze tarehe 26 Juni 1967, wiki chache baada ya kitabu kutoka, akiwa na miaka 44. Akazikwa Barbiana kwenye lile kaburi alilonunua.

Nyundo ya Pili

Sawa, machozi yametutoka. Mabaya je?

Chaki Nyeupe

Alikuwa mkali, na makofi yalikuwepo. Hakuficha. Kwa watu waliokulia viboko hapa kwetu pengine ni kitu cha kawaida, mimi kwangu si kawaida, na siwezi kumtetea kwa kuwa alikuwa na nia njema. Kila mwalimu mwenye fimbo ana nia njema.

Pia alikuwa na chuki ya waziwazi kwa mchezo. Mpira aliuona kupoteza muda wa maskini. Hapo mimi na yeye tunaachana.

Na mpaka leo kuna Waitalia wanaomlaumu kwamba kwa kusema "msifelishe" ndiye aliyeshusha viwango vya shule zao. Hoja hiyo ningeipa uzito kama shule yake ingekuwa ya mteremko. Mtu anayesoma saa 12 kwa siku, anasoma gazeti kila siku neno kwa neno, anajifunza Kifaransa kwa santuri na kiangazi anapelekwa Uingereza, Ufaransa au Ujerumani kufanya kibarua ili ashike lugha, huyo hajashushiwa kiwango. Walioshika nusu ya kwanza ya pendekezo na kuacha ile ya shule ya kutwa nzima ndio waseme.

Binti Mwanga

Na Kanisa? Unasema shule ya Kikatoliki, lakini naona Kanisa ndilo lililompiga.

Chaki Nyeupe

Lilimpiga kweli. Mwaka 1958 alitoa kitabu kuhusu kazi ya uchungaji kwa maskini, *Esperienze pastorali*. Desemba mwaka huo huo Roma ikaamuru kiondolewe madukani. Amri hiyo ilikaa mpaka 2014 ndipo ikatangazwa kwamba haina nguvu tena.

Kisha 1965 mapadri wa jeshi walitoa tamko la kuwaita waoga vijana wanaokataa kwenda jeshini kwa sababu ya dhamiri. Milani na wanafunzi wake wakawajibu kwa barua ya wazi, akashtakiwa kwa kuhamasisha uhalifu. Alikuwa mgonjwa asiyeweza kwenda mahakamani, akawaandikia majaji. Februari 1966 akaachiwa huru. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na hukumu ya rufaa ilipokuja yeye alikuwa ameshakufa. Italia ikaruhusu kwa sheria kukataa jeshi kwa sababu ya dhamiri mwaka 1972.

Pamoja na hayo hakuacha upadri wala hakuwa na mpango wa kuacha. Alitii, akabaki mlimani, akafundisha. Tarehe 20 Juni 2017 Papa Fransisko alipanda Barbiana akasali kwenye kaburi lake. Rais wa Italia, Sergio Mattarella, naye alipanda Mei 2023 ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe. Miaka ile ya 1950 hata mwendesha baiskeli asingefika.

Mtoro wa Zamani

Mimi nauliza la kijinga: shule ikoje sasa? Matokeo yao mwaka jana?

Chaki Nyeupe

Haipo. Padri alipokufa, shule haikudumu. Pamebaki meza, ramani, vitabu, na lile bwawa dogo la kuogelea ambalo wavulana walilichimba wenyewe, maana watoto wa mlimani waliogopa maji. Taasisi yenye jina lake inatunza mahali hapo, shule zinapeleka watoto kutembelea.

Huo ndio udhaifu ninaouona mkubwa kuliko makofi. Kila kitu kilining'inia kwa mtu mmoja asiye na mke, asiye na mshahara wa kusubiri, asiye na pa kwenda. Mfumo hauwezi kujengwa kwa watu wa namna hiyo, hawazaliwi wengi. Kuna kilichobaki serikalini hata hivyo: mwaka 1971 Italia ikaingiza shule ya kutwa nzima kwenye sheria, na 1977 ikaondoa madarasa ya kuwatenga watoto waliobaki nyuma. Si kwa barua ile peke yake, ila barua ilikuwa mikononi mwa walimu waliopigania hayo.

Na wanafunzi? Michele Gesualdi alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, baadaye akawa rais wa mkoa wa Firenze tangu 1995 mpaka 2004. Mdogo wake Francesco ameandika kwa miaka mingi kuhusu makampuni makubwa ya kimataifa na wanaoyafanyia kazi kwa ujira mdogo.

Faraja wa Darasa B

Habari za usiku wakuu. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi nafundisha darasa la sita shule ya serikali, watoto 90 na kitu, tangu ada ifutwe idadi haijawahi kushuka. Hilo la kusimama mpaka wa mwisho aelewe, kwa watoto 90 na mtaala wa kumaliza, naomba mniambie linafanyikaje. Sibishi, nauliza.

mzee_kifimbo

Mwalimu pole na kazi. Chaki Nyeupe mjibu, usimpe siasa.

Chaki Nyeupe

Mwalimu Faraja, kwa masomo yote haliwezekani, nisikudanganye. Kuna mawili waliyoyafanya Barbiana ambayo hayakuhitaji saa 12.

La kwanza, wakubwa kufundisha wadogo. Kijana akishakaa mwaka mmoja anapewa wadogo, nusu siku mara chache kwa wiki, awafundishe hesabu au jiografia. Walioandika barua ile wanasema hapo ndipo walipojifunza zaidi, kwa sababu unapofundisha unagundua kwamba ulikuwa hujui. Lako hapo ni kuangalia tu asigeuke nyapara.

La pili ni insha ya pamoja. Walianza mwaka 1963, baada ya mwalimu Mario Lodi wa shule ya msingi ya Vho, huko Piadena, kuwatembelea na watoto wa pande mbili kuanza kuandikiana barua. Iko hivi. Chagueni jambo la kweli linalowahusu, mfano kisima cha shule kimekufa na mnataka kumwandikia mwenyekiti wa kijiji. Kila mtoto anatembea na vikaratasi. Akipata wazo analiandika, wazo moja kikaratasi kimoja. Siku ikifika vinamwagwa vyote mezani. Yanayojirudia yanatolewa. Yanayofanana yanawekwa rundo moja, rundo hilo ni sura. Kila rundo linagawanywa vifungu, kila kifungu kinapewa jina. Kikikosa jina, ama ni kitupu ama kimebeba mambo mengi, kigawanyeni. Halafu yanaanza mashindano ya kukata: nani ataona neno la ziada, uongo, neno gumu, sentensi ndefu. Mwisho mnamwita mtu ambaye hakusoma sana, anasomewa au anasoma kwa sauti. Asipoelewa, kosa ni lenu, mnarudia.

Kwenye meza ile hakuna wa kwanza wala wa mwisho, kwa sababu kikaratasi hakina jina. Yule wako wa mstari wa nyuma asiyenyoosha kidole, wazo lake litasomwa kama la wengine.

Faraja wa Darasa B

Nimekuelewa mkuu. Darasani kwangu nitaanza na choo cha wasichana, maana mlango uling'oka tangu Januari na tumeandika mpaka tumechoka. Ila karatasi za watoto 90 nitatoa wapi? Rimu yenyewe tunachangishana.

Chaki Nyeupe

Chukua mitihani ya zamani iliyojazana ofisini, kata vipande vinne vinne. Kule Barbiana walikuwa wanaandika upande mmoja tu ili waweze kuvipanga mezani bila kugeuza, kwa hiyo upande wa pili hata ukiwa umechapwa hauna neno. Na barua ikishakamilika ileteni humu kabla hamjaipeleka kwa mwenyekiti, tuisome sisi tusiojua hicho choo, tuone kama tunaelewa.